Pumzi za mbio pekee hazikufikishi Lindi: matayarisho ya safari ya kwanza ndefu ya baiskeli



Siku hizi ukitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, unawakuta watu wanakimbia. Wapo wanaojiandaa na mbio za barabarani kama Korosho Marathon, na wapo ambao daktari amewaambia wapunguze sukari na presha. Ni jambo jema, na safu hii imekuwa ikilihimiza. Leo tunazungumza na wale ambao, baada ya kuzoea mbio, wameingiwa na hamu ya safari ndefu ya baiskeli.

Tuseme wewe ni mkazi wa Kilambo, huku mpakani ambako Ruvuma inakaribia kuingia baharini. Unakimbia kilomita 10 bila taabu, na umenuia kwenda kuwatembelea ndugu zako Lindi kwa baiskeli. Kutoka Kilambo hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 40, na kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya 100. Unajiambia kwamba pumzi unazo, baiskeli ya Phoenix ipo ukutani, basi kimebaki nini?

Kimebaki kingi. Pumzi ni kweli unazo. Moyo wa mkimbiaji husukuma damu nyingi kwa kila pigo, na faida hiyo unahama nayo kwenda kwenye baiskeli. Lakini moyo na mapafu havikai juu ya siti. Vinavyokaa juu ya siti ni makalio, vinavyoshika usukani ni viganja, na vinavyosukuma pedeli ni misuli ya mbele ya paja, ambayo mbio haziitumii kwa namna hiyo. Hatari ya mkimbiaji iko hapo: kifua kinamwambia mambo ni shwari, naye anazidisha mwendo, kumbe goti na ngozi vimekwisha kuchoka na havina sauti ya kumzuia mpaka vimeumia.

Hebu piga hesabu. Phoenix yenye mzigo, kwa mtu wa kawaida, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Mtwara hadi Lindi ni saa saba au nane za kukaa. Mkimbiaji wetu hajawahi kufanya zoezi lolote linalozidi saa mbili, na katika hizo mbili hakukaa hata dakika moja.

Mwaka 2008 mpigapicha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, kupanda mlima mashuhuri wa Alpe d'Huez kule Ufaransa, njia ya karibu kilomita 14. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi inayotoa wakimbiaji hodari namna ile haiwezi kukosa waendesha baiskeli. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na ushei. Lakini zingatia alimtoa wapi. Hakwenda kumchukua mkimbiaji na kumkabidhi baiskeli. Nderi alikuwa tayari mwendesha baiskeli, mtu ambaye mwili wake ulikwisha kuzoea siti.

Yupo pia Michael Woods wa Kanada, ambaye alikuwa mkimbiaji hasa. Mwaka 2005 alikimbia maili moja chini ya dakika nne. Mfupa wa mguu ukawa unaingia nyufa, akaacha mbio na kugeukia baiskeli. Mwaka 2018 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia, na mwaka 2023 akashinda siku ya Puy de Dôme katika Tour de France. Kati ya ile maili na ushindi ule wa Ufaransa ilipita miaka 18. Wewe huhitaji miaka 18 kufika Lindi, lakini wiki nane zinahitajika.

Anza na siti

Kabla ya kufikiria umbali, irekebishe baiskeli ilingane na mwili wako. Baiskeli nyingi za majumbani hutumiwa na baba, mtoto na mjomba, na siti hubaki pale alipoiacha wa mwisho. Kaa juu yake huku umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinama upande. Kisha, unapoendesha kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Ukiumwa goti kwa mbele, aghalabu siti iko chini mno. Ukiumwa nyuma ya goti, au nyonga zikiyumba huku na huku, iko juu mno. Spana moja na dakika tano zinaokoa maumivu ya mwezi mzima.

Siti ilale sawa, pua yake isielekee juu. Pua iliyoinuka hubana mishipa ya fahamu na ya damu iliyo baina ya tupu ya mbele na ya nyuma. Ukihisi ganzi sehemu hizo, usione haya ukanyamaza. Simama juu ya pedeli kwa nusu dakika, na ufanye hivyo kila baada ya dakika 10, hata kama huhisi kitu. Ganzi inayodumu baada ya kushuka, au damu kwenye mkojo, ni jambo la kumwona daktari.

Viganja navyo hufa ganzi, hasa kidole kidogo na kinachokifuatia, kwa sababu ya kuegemea usukani kwa saa nyingi. Zungushia kitambaa laini kwenye vishikio, kunja viwiko kidogo, na badilisha mkao wa mikono mara kwa mara.

Usafi wa sehemu zinazokaa

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapokatikia, na ndipo watu wanapoona aibu kuuliza. Ngozi ikilowa jasho, ikasuguliwa, ikabanwa kwa saa kadhaa, huchubuka. Vijidudu vilivyokuwa juu ya ngozi vikipata mlango huo, asubuhi ya pili una jipu mahali ambapo huwezi hata kukalia mkeka.

Kinga yake ni nyepesi. Oga kwa sabuni kabla ya kuondoka na mara ufikapo, na ujikaushe vizuri. Sisi Waislamu tunastanji kwa maji, na hiyo ni tohara na afya, lakini mtu anayestanji njiani kisha akapanda baiskeli akiwa bado majimaji, anajitengenezea mchubuko. Chukua kitambaa kidogo safi cha pamba kwa ajili ya kujikaushia tu, na ukifue kila jioni. Kisha paka mafuta ya nazi au vaselini kwenye mapaja na pale panapogusana na siti. Nguo ya ndani iwe ya pamba, isiwe na mshono mnene katikati, na isivaliwe siku mbili mfululizo. Ukifika, usikae na nguo yenye jasho huku ukipiga soga na wenyeji. Badilisha kwanza.

Jambo jingine ambalo huwezi kulisoma katika vitabu vya baiskeli vya Wazungu: kunyoa nywele za sehemu za siri. Ni katika sunna za maumbile, nasi hatuiachi. Ila usinyoe usiku wa kuamkia safari. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na nywele zinazoanza kuota huchoma ngozi na kuingia ndani. Nyoa siku nne au tano kabla, kwa wembe mpya, ngozi iwe imetulia siku ya kuondoka.

Akina dada, mnaosafiri pamoja na jamaa zenu, haya yote yanawahusu. Zaidi ya hayo, ikiwa safari imeangukia siku za hedhi, pedi au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa chache bila kungoja kijae, kwani joto na unyevu wa siti huzidisha vipele. Vazi refu lina hatari yake kwenye mnyororo na njiti za gurudumu. Vaa suruali pana ndani, kusanya pindo la juu na ulifunge upande usio na mnyororo, na kama inawezekana tumia baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu. Wanaume wa kanzu wasicheke, kwani kanzu nayo ikishikwa na mnyororo humwangusha mtu vilevile. Na wale wanaopenda zile kaptura za kubana za wanamashindano, wavae juu yake suruali pana inayofunika magoti, ili wakifika msikitini waingie bila kusitasita.

Wiki nane

Wiki mbili za kwanza endesha mara tatu kwa wiki, dakika 40 hadi saa moja, hata kama kifua kinakwambia ongeza. Usimsikilize. Baada ya hapo kila wiki chagua siku moja ya safari ndefu na uiongeze kwa nusu saa au saa moja. Wiki ya sita endesha siku mbili zinazofuatana, kwa mfano Kilambo hadi Mtwara Jumamosi na kurudi Jumapili. Siku hiyo ya pili ndiyo mwalimu halisi, maana utaijua siti yako. Wiki ya saba fanya safari moja ya saa tano au sita. Ya nane pumzika, endesha kidogo tu.

Mbio usiziache kabisa. Baiskeli hujenga misuli na moyo lakini haitii mifupa nguvu kama inavyofanya miguu inapokanyaga ardhi. Mbio fupi mara mbili kwa wiki zinatosha. Siku utakayokimbia mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli, miguu utaiona kama ya mtu mwingine. Hilo ni la kawaida na hupita. Nyoosha misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga kila jioni, kwa sababu wakimbiaji wengi wamekaza sehemu hizo na baiskeli huzikaza zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho mkimbiaji anakuja nacho tayari, nacho ni mdundo. Mkimbiaji mzuri hupiga karibu hatua 170 hadi 180 kwa dakika, yaani kila mguu karibu mara 90. Waendesha baiskeli wenye gia hulenga kuzungusha pedeli mara 80 hadi 90. Kwa hiyo kama una baiskeli ya gia, tafuta gia nyepesi inayokupa mdundo wako wa mbio. Phoenix isiyo na gia haitakuruhusu kufika huko, na kilimani mzunguko hushuka sana. Pale ambapo unalazimika kusimama na kukanyaga kwa uzito wote wa mwili, shuka usukume. Goti halina kipuri dukani.

Ikiwa wiki hizo zitaingia katika Ramadhani, ahirisha safari ndefu. Zoezi fupi na jepesi baada ya kufuturu linatosha.

Kwa wanaofanya mazoezi katika njia za bondeni kandokando ya Ruvuma: beba kitambulisho, mwambie mwenyekiti wa kitongoji unapokwenda, na usiende peke yako. Tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020, mtu asiyejulikana anayepita mpakani na mzigo ana haki ya kuulizwa maswali. Na usishawishike kuoga mtoni kwa sababu ya joto. Mamba wapo, na katika vidimbwi na maji yaliyotulia kuna kichocho.

Maji na chakula

Kwa joto la pwani yetu, watu wengi huhitaji nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Kunywa kidogo kidogo kila unapohisi kiu, usingoje kinywa kikauke. Wapo wanaodhani maji hayana kiasi, wakanywa mengi matupu kwa kutwa nzima huku jasho linatoa chumvi. Hao nao huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, kwa sababu chumvi ya damu imeshuka. Kwa hiyo katika chupa moja kati ya mbili changanya chumvi na sukari kwa kipimo kile kile tunachowapa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu ni mazuri, Alhamdulillah tumejaaliwa, lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho lako. Yanywe pamoja na kitu chenye chumvi.

Maji yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kuondoka. Chupa na dumu vioshwe kwa sabuni kila siku, pamoja na kifuniko na mdomo wake, maana ute unaojificha hapo umewaharishia watu wengi kuliko maji yenyewe.

Chakula cha njiani kiwe cha wanga: gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu moja kubwa, au tende ndogo tano au sita, hukaribia gramu 30. Mhogo uliochemshwa vizuri ni chakula cha safari tangu enzi za wazee, ila uwe mhogo unaoujua. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, kutokana na mihogo michungu isiyoandaliwa ipasavyo. Korosho, ingawa ndiyo fahari yetu, ina mafuta mengi na huchelewa tumboni, kwa hiyo iweke ya jioni. Vitumbua na sambusa vivyo hivyo. Kula kitu kidogo kila nusu saa kabla njaa haijaja, jambo ambalo mkimbiaji wa kilomita 10 hajawahi kulazimika kulifanya.

Njiani

Usiifanye kuwa safari ya siku moja. Siku ya kwanza toka Kilambo, pita Mtwara, ulale Mikindani. Siku ya pili ondoka mara baada ya alfajiri, upande vile vilima vya baada ya Mikindani kukiwa bado na ubaridi, upite Mpapura, na ulenge kufika mbali kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Kuanzia hapo jua linakuwa kali. Tafuta msikiti, pumzika, swali, lala kidogo, kisha uendelee jua likianza kulegea. Msikiti wa kijijini una kivuli, maji, na watu watakaojua kwamba ulipita. Ukifika Mingoyo, njia ya Masasi inakwenda kushoto, nawe unashika ya Lindi, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kama jua limekuwahi kabla ya hapo, lala utakapokuwa, chini ya chandarua. Umbali huu ni wa msafiri kwa mujibu wa wanazuoni wengi, basi kabla ya kuondoka muulize sheikh wako kuhusu kupunguza na kukusanya swala, usianze kubahatisha ukiwa umechoka.

Barabara ya Mtwara na Lindi ina malori mengi. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa mwaka 2015, na mizigo yake mingi hupita hapo kuelekea kaskazini. Msimu wa korosho huongeza mengine. Kaa kushoto kabisa, vaa fulana inayong'aa, usitie vitu vya kusikilizia masikioni, na ukisikia lori nyuma na jingine mbele kwa wakati mmoja, shuka kwenye majani. Usiendeshe usiku. Kwenye miteremko, breki za Phoenix zenye mzigo hazisimamishi baiskeli upesi. Anza kuzishika juu kabisa kabla mwendo haujawa mkali.

Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu na spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yako. Ziba pancha mbili nyumbani kwa mikono yako mwenyewe kabla ya safari, kwani fundi hayuko kila kijiji.

Dalili za kuzidiwa na joto mwenzako azijue: maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kichwa kuuma sana, kutapika, ngozi ya moto. Akiona hivyo, asikuache uendelee. Kivuli, vua nguo za juu, mwagia maji mwili mzima, pepea, na utafute usafiri wa hospitali papo hapo. Mwenye kisukari, presha, maumivu ya kifua au aliyewahi kuzimia kwenye mbio, aonane na daktari kabla hata ya wiki ya kwanza.

Mwisho, angalia upepo. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, hali ya hewa ni ya ubaridi na mvua ni chache, nao upepo utakusukuma mgongoni kuelekea Lindi, hata utajiona bingwa. Wakati wa kurudi utakutana nao usoni, na mkimbiaji hajui upepo unavyomzuia mtu wa baiskeli. Panga siku moja zaidi ya kurudi. Au zungumza na kondakta wa basi pale stendi ya Lindi: fungua pedeli, geuza usukani ulale, funga mnyororo kwa kitambaa usichafue mizigo ya watu, baiskeli ipande juu ya basi nawe ukae ndani kwenye kiti laini.